Kukinga kwa Pande Mbili: Ukuta wa Utumbo, Virusi na Lugha ya Afya katika Bonde la Mto Tana

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi seli zinazotanda ukuta wa utumbo zinavyopambana na virusi vinapozijia kutoka upande wa chakula na vinapozijia kutoka upande wa damu. Mazingira yaliyoteuliwa ni Garsen na bonde la Mto Tana nchini Kenya, ambako mafuriko na maji machafu huyafanya maradhi ya kuhara kuwa jambo la uhai na mauti. Makala yanadai kwamba sayansi ya suala hili inaelezeka kwa Kiswahili, na kwamba ugumu unaojitokeza hautokani na uchache wa msamiati bali na matumizi ya kizembe ya maneno mepesi kama ndani, nje na funga. Mwishoni panapendekezwa istilahi chache pamoja na sababu za kuziteua.

1.0 Utangulizi

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanzia katika nyanda za juu za Aberdare na Mlima Kenya, ukapita nchi kavu, kisha ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kabla ya kufika baharini hutawanyika na kufanya delta pana, na Garsen ndio mji ulioko kwenye mlango wa delta hiyo, mahali ambapo barabara zitokazo Malindi, Lamu na Garissa hukutana. Wapokomo hulima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei huleta mifugo yao majini. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, ilhali Kiorma ni lugha ya Kikushi. Katika zahanati, sokoni na shuleni, lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili.

Mto huu ni neema na mtihani. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, ya mwaka 2018, na yale yaliyofuatana mwishoni mwa 2023 na katikati ya 2024 yaliwahamisha watu wengi katika Kaunti ya Tana River. Mafuriko yanapofunika vyoo na visima, maji ya kunywa na maji machafu huwa kitu kimoja. Hapo ndipo maradhi ya kuhara yanapoenea, na anayeathirika kwanza ni mtoto mchanga.

Maradhi hayo yana visababishi vingi. Kipindupindu, kwa mfano, husababishwa na bakteria. Makala haya yanajihusu na virusi, hasa rotavirusi, ambavyo viligunduliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne walipochunguza kwa hadubini ya elektroni vipande vya utumbo vya watoto waliokuwa wakihara. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa kuwa kirusi hicho huonekana kama gurudumu lenye vijiti vyake.

Swali linaloongoza makala ni hili: je, seli ya utumbo hupigana kwa namna moja bila kujali adui ametokea upande gani? Na Kiswahili kinahitaji nini ili jibu lake lieleweke darasani na zahanatini?

2.0 Utumbo na Pande Zake Mbili

2.1 Tundu la Ushanga

Mzungumzaji wa kawaida anapomeza tonge husema limeingia ndani ya mwili. Kwa mtazamo wa biolojia, tonge hilo bado liko nje. Mfano wa ushanga unasaidia. Uzi hupita katika tundu la ushanga kutoka ncha hii hadi ile, lakini haujaingia katika kioo chenyewe. Njia ya chakula, tangu kinywani hadi mwisho wake, ni tundu la namna hiyo. Chakula, maji, bakteria na virusi vilivyomo katika tundu hilo havijaingia mwilini mpaka vipenye ukuta.

Ukuta huo, kwenye mstari wake wa mbele kabisa, una unene wa seli moja tu. Seli zimepangwa bega kwa bega kama matofali ya safu moja, na baina yake pana viungo vya protini vinavyobana sana hata maji na chumvi visipite ovyo. Ili kupanua eneo la kupokea chakula, ukuta umejikunja na kuotesha vijidole vidogo visivyohesabika. Seli zilizo kwenye ncha za vijidole ndizo zilizokomaa na ndizo zinazofyonza. Zilizo mashinani huzaliana na kupanda juu, hivi kwamba safu nzima hufanywa upya kila baada ya siku 3 hadi 5.

2.2 Seli Yenye Uso na Kisogo

Seli hizi hazifanani pande zote. Upande unaotazama chakula una vinywele vidogo mno vya kufyonzea pamoja na milango ya kupokelea sukari na chumvi. Upande unaotazama damu, pamoja na mbavu zinazogusana na seli jirani, una protini za aina nyingine. Pampu inayotoa sodiamu kutoka ndani ya seli na kuipeleka kwenye damu iko huko. Pampu hiyo ikifanya kazi, sodiamu hupungua ndani ya seli, na mlango wa upande wa chakula hupata nguvu ya kuvuta sodiamu nyingine pamoja na glukosi. Maji hufuata nyuma yake.

Mpangilio huu hautokei kwa bahati. Ndani ya seli kuna protini ambazo kazi yake ni kupanga: kila protini mpya inayoundwa husomwa kama mzigo bandarini, ikaelekezwa upande wake. Mojawapo ya wapangaji hao huitwa AP-1B, na hupatikana katika seli za tabaka kama hizi za utumbo. Jina hilo litarudi baadaye, kwani ndilo lililoshika ufunguo wa swali letu.

3.0 Virusi Vinapotokea Upande wa Chakula

Rotavirusi huingia kwa kinywa, hasa kupitia mikono, vyombo na maji yaliyochafuka. Vikifika kwenye utumbo mwembamba hushambulia seli zilizokomaa kwenye ncha za vijidole, yaani zile zile zinazofyonza. Madhara yake ni ya namna mbili. Kwanza, seli zinazokufa huacha ukuta ukiwa na wafyonzaji wachache. Pili, kirusi hutengeneza protini iitwayo NSP4, ambayo huvuruga mizani ya chumvi katika seli na kuzifanya zimwage maji badala ya kuyapokea. Mtoto huendesha, hutapika, na maji ya mwili wake hupungua kwa saa chache.

Seli haikai kimya. Urithi wa rotavirusi umeandikwa katika RNA ya nyuzi mbili, vipande 11, na RNA ya namna hiyo si ya kawaida katika seli ya binadamu. Seli ina vipokezi vinavyoitambua. Kipokezi kikishagusa RNA hiyo, amri hutolewa kwenye jeni, na seli hutoa intaferoni. Intaferoni, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, ni mjumbe: huziarifu seli jirani zijihami kabla hazijafikiwa. Aina iitwayo intaferoni lambda, iliyotambuliwa mwaka 2003, ina umuhimu wa pekee utumboni kwa kuwa hulinda tabaka la seli bila kuamsha uvimbe mkubwa mwilini.

Hata hivyo seli za utumbo zina tatizo ambalo seli za ini au za misuli hazina. Upande wake wa chakula haupumziki. Kila saa unapitiwa na bakteria wengi mno wasiodhuru, mabaki ya virusi vya mimea na vya wanyama, na vitu vingine ambavyo kila kimoja kingeweza kuitwa adui. Seli ikipiga mbiu kwa kila kinachopita, utumbo mzima utawaka kwa uvimbe na utajidhuru wenyewe. Isipopiga mbiu kabisa, virusi halisi vitajitwalia mji. Mizani hiyo hupatikanaje?

4.0 Virusi Vinapotokea Upande wa Damu

4.1 Njia ya Nyuma

Si kila kirusi hugonga mlango wa mbele. Kati ya seli za kawaida za utumbo kuna seli chache za pekee, zilizo juu ya vituo vya kinga, ambazo kazi yake ni kuchukua sampuli za kilichomo katika tundu la utumbo na kuzikabidhi kwa askari walio chini. Virusi vingine hutumia njia hiyo. Reovirusi, jamaa wa mbali wa rotavirusi, hupita katika seli hizo, hujikuta nyuma ya ukuta, kisha huzigeukia seli za utumbo na kuzishambulia kutoka upande wa damu. Kwa rotavirusi vyenyewe, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya aina huweza kuingia katika seli upande wa chakula peke yake, na nyingine huingia kwa pande zote mbili.

4.2 Utafiti wa Mwaka 2020

Jibu la swali la mizani lilipata mwanga katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Megan Stanifer, Steeve Boulant na wenzao, waliokuwa wakifanya kazi Heidelberg nchini Ujerumani. Njia ya kuuliza swali hili maabarani ni nyepesi kueleza. Seli za utumbo huoteshwa juu ya kitambaa chembamba chenye vitundu, mpaka ziungane na kuwa ukuta. Juu yake kuna kisima kimoja cha maji na chini yake kuna kingine. Mtafiti akitia virusi kisima cha juu, ameiga maambukizi ya upande wa chakula; akivitia kisima cha chini, ameiga maambukizi ya upande wa damu. Kirusi ni kile kile na seli ni zile zile. Kilichobadilika ni upande tu.

Matokeo yalionyesha kwamba seli zilizoshambuliwa kutoka upande wa damu zilitoa mwitikio wa kinga ulio mkubwa kuliko zilizoshambuliwa kutoka upande wa chakula. Sababu iliyopatikana ni mahali pa kipokezi. TLR3, mojawapo ya vipokezi vinavyotambua RNA ya nyuzi mbili, hakikusambazwa sawasawa. Kilikuwa kimeelekezwa upande wa damu. Aliyekielekeza ni yule mpangaji AP-1B. Seli za binadamu na panya waliokosa AP-1B walionyesha mwitikio uliopita kiasi pale kichocheo kilipotoka upande wa chakula. Kwa maneno mengine, mlinzi alikuwa amehamishwa kutoka nyuma ya nyumba, akawa anapiga mbiu kwa kila mpita njia.

4.3 Ukingo wa Mto kama Kielelezo

Mkazi wa bonde la Tana anaweza kulielewa jambo hili bila maabara. Mto unaofurika mara kwa mara huinua kingo zake kwa tope unaloliacha, na nyuma ya kingo hizo ardhi huwa ya chini zaidi. Kijiji kilichojengwa juu ya ukingo huona maji yakipanda na kushuka mbele yake msimu baada ya msimu. Watu huyatazama, huyapima, huvua samaki na kunywesha mifugo. Lakini maji yakionekana nyuma ya kijiji, kwenye bonde, maana yake ukingo umepasuka mahali fulani. Hapo hakuna kusubiri. Maji ni yale yale ya mto ule ule, ila upande yalikotokea umebadilisha maana yake.

Seli ya utumbo inafanya hesabu hiyo hiyo. Kirusi kilicho upande wa chakula huenda ni mpita njia. Kirusi kilicho upande wa damu tayari kimevunja ukuta. Wahenga walilisema kwa njia yao: kikulacho ki nguoni mwako.

Kielelezo hiki kisivutwe kupita uwezo wake. Upande wa chakula haukukosa ulinzi. Una ute, una kingamwili, na seli zake zina vipokezi vingine. Utafiti uliotajwa unahusu kiwango cha mwitikio, wala haudai kwamba upande mmoja umelala.

5.0 Suala la Istilahi

5.1 Ndani na Nje

Mwanafunzi anayetafsiri maelezo haya hukutana kwanza na maneno ndani na nje. Ndani ya utumbo, katika Kiswahili cha kila siku, ni kule kwenye chakula. Ndani ya mwili ni kote kuwili. Ndani ya seli ni mahali pa tatu. Sentensi kama "kirusi kiliingia kutoka ndani" yaweza kuwa na maana mbili zinazopingana kabisa. Juu na chini hayafai pia: utumbo umejizungusha, na kijidole kimoja huelekea juu huku jirani yake akielekea chini.

Majozi mawili yanapendekezwa. La kwanza ni upande wa chakula na upande wa damu. Faida yake ni kwamba linajieleza. Mama aliye kwenye foleni ya zahanati hulielewa mara moja. La pili, linalofaa darasani, ni uso wa seli na kisogo cha seli. Katika Kiswahili, kumpa mtu kisogo ni kumgeuzia upande usioona, na seli nayo ina upande unaotazama kinachokuja na upande uliogeuziwa mwili. Kasoro ya neno uso ni kwamba hutumika pia kwa sehemu yoyote ya juu ya kitu, kama katika uso wa dunia. Kwa hiyo halina budi kutumiwa pamoja na mwenzake ili maana isipotee.

5.2 Kirusi na Virusi

Neno virusi liliingia kama mkopo, na wazungumzaji wakalisikia kama neno lenye kiambishi cha wingi vi-. Umoja wake ukazaliwa papo hapo: kirusi. Mchakato huu si mgeni. Kitabu, neno lenye asili ya Kiarabu, lilipata wingi wake vitabu kwa njia hiyo hiyo. Upinzani unaotolewa dhidi ya kirusi ni kwamba linagongana na jina la lugha ya Warusi. Mgongano huo upo katika umbo tu, na muktadha huuondoa. Makala haya yamelitumia kwa sababu bila umoja huwezi kueleza jinsi kirusi kimoja kinavyoingia katika seli moja.

5.3 Kinga

Hazina kubwa zaidi imo katika neno lililozoeleka mno hata halitazamwi. Kitenzi kinga kina maana ya kuzuia: mtu hukinga jua kwa mkono, hukinga pigo kwa ngao. Lakini pia kina maana ya kupokea: mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa, hukinga mtungi bombani. Anayezuia na anayepokea wanafanya tendo moja, la kuweka kitu mbele ya kinachokuja. Hata ukingo, wa mto au wa chombo, ni neno lililo jirani ya kitenzi hiki kwa umbo na kwa maana.

Lugha ngeni nyingi hulazimika kutumia maneno mawili kuueleza ukuta wa utumbo, moja la kufyonza na jingine la kuhami. Kiswahili kina moja. Seli ya utumbo hukinga chakula na hukinga adui, na ugumu wa maisha yake ni kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mwalimu anayeanza somo lake na neno hili ameshafika nusu ya safari.

6.0 Faida ya Maarifa Haya Zahanatini

Istilahi mbovu zina gharama. Mfano wa wazi ni usemi kufunga tumbo au dawa ya kufunga kuhara. Sitiari hii humfanya mzazi auone utumbo kama bomba lililotoboka, na kwa bomba lililotoboka dawa ni kuziba na kufunga maji. Mzazi aliyeshikwa na picha hiyo humnyima mtoto maji kwa nia njema, naye mtoto hufa kwa kukaukiwa. Dawa za kufunga kuhara hazishauriwi kwa watoto wadogo.

Picha ya pande mbili huleta uamuzi tofauti. Utumbo haukutoboka, baadhi ya wafyonzaji wake wamekufa, na waliobaki bado wana milango. Mlango huo huhitaji chumvi na sukari kwa pamoja, ndipo maji yafuate. Hii ndiyo siri ya maji ya chumvi na sukari, ambayo Dilip Mahalanabis aliyatumia kuokoa wakimbizi wenye kipindupindu huko Bangaon, India, mwaka 1971. Chumvi za pakiti huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Zikikosekana, vijiko sita bapa vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi hutumika wakati mgonjwa akipelekwa zahanati. Hutolewa kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa kuwa milango ni michache, kunyonyesha hakukatizwi, na madini ya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Kwa vile seli mpya hupanda kutoka mashinani kila siku chache, kinachotafutwa ni kumvusha mtoto hadi ukuta ujijenge.

Chanjo nazo hueleweka kwa pande hizi. Chanjo ya rotavirusi, iliyoanza kutolewa katika ratiba ya kawaida ya Kenya mwezi wa Julai 2014, ni ya matone ya kinywani: humfundisha mlinzi pale pale adui atakapopita. Polio inaonyesha tofauti hata zaidi. Chanjo ya matone hujenga kinga katika utumbo wenyewe. Ile ya sindano, iliyoongezwa nchini Kenya mwaka 2015, hujenga kinga imara upande wa damu na kumwepusha mtoto na kupooza, lakini huacha utumbo ukiwa na kinga hafifu zaidi. Mwaka 2013 polio ilipozuka katika eneo la kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, jirani na Tana River, matone yalitolewa kwa kampeni za nyumba kwa nyumba. Mzazi anayeuliza kwa nini mtoto aliyedungwa sindano apewe na matone ameuliza swali la haki, na jibu lake ni la sentensi moja: sindano hulinda upande wa damu, matone hulinda upande wa chakula.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba seli za utumbo huupima uzito wa shambulio kwa kuangalia upande lilikotoka, na kwamba upimaji huo hutegemea mahali vipokezi vilipowekwa. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kulieleza jambo hili kwa usahihi, mradi mtumiaji ayateue kwa uangalifu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haitatimia kwa sheria peke yake. Itatimia mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa tiba watakapokaa meza moja, wakapima sitiari kama wanavyopima dawa, na kuuliza kabla ya kuchapisha bango lolote la afya: mama wa Garsen akilisoma neno hili, mkono wake utakwenda kwenye kikombe cha maji au utaacha kwenda?